Jibu la Mzee Liko Baada ya "Ila"

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa barazani kwa bibi yangu mzaa mama, Muheza, walipoingia vijana wawili wa utafiti, binti na mwenzake wa kiume, wamevaa fulana za kufanana na kila mmoja ameshika kishikwambi. Walikuwa na adabu zao. Binti alikunja goti akaamkia, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, karibuni, piteni mkae." Wakakaa mkekani. Wakamsomea karatasi ya ridhaa, ndefu, ya Kiswahili cha ofisini, bibi akaweka dole gumba. Kisha yakaanza maswali. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejisikia huna raha au huna matumaini? Bibi akasema, "Tunamshukuru Mungu." Binti akasubiri kidogo, akauliza tena taratibu. Bibi akajibu, "Alhamdulillah mwanangu, si haba." Binti akagusa kioo na kwenda swali la pili. Baada ya kama dakika arobaini walikuwa wamemaliza, wakaacha vipande viwili vya sabuni na kilo ya sukari, wakaelekea nyumba ya jirani.

Mwaka ule bibi alikuwa amezika watoto wake wawili. Halali usingizi. Anaamka saa nane za usiku, anakwenda kukaa jikoni gizani bila kuwasha moto, mpaka adhana ya alfajiri. Chakula anakionja kwa ajili ya kuturidhisha sisi. Watu wa nyumba ile wote tulijua hali yake, na sina shaka kwamba katika kishikwambi kile aliandikwa ni mzee mwenye afya njema ya akili.

Sikuwalaumu wale vijana wakati ule, na sasa pia siwalaumu. Walitumwa na hojaji, na hojaji haikujua Kiswahili. Maneno yake yalikuwa ya Kiswahili, hilo halina ubishi; kilichokosekana ni mwenendo wa lugha. Kwetu mtu hajibu salamu kwa kulalamika. "Hujambo?" "Sijambo." Hata nyumba yenye msiba ukiuliza "Habari za hapa?" utajibiwa "Nzuri, ila tumefiwa." Heri hutangulia, na habari yenyewe huja baada ya "ila". Mgeni anayefunga daftari mtu anaposema "nzuri" huondoka na adabu ya mwenyeji akidhani amebeba jibu lake. Na mzee, ambaye ndiye mwenye adabu hiyo kuliko sote, ndiye anayepotea zaidi kwenye takwimu.

Ubia kati ya watafiti na jamii umekuwa msamiati wa kila andiko la kuomba fedha, na watu wengi wanauchukulia kama suala la heshima: tuwashirikishe wazee kwa sababu ni vizuri kuwashirikisha. Mimi nauona kama suala la usahihi. Utafiti wa afya ya akili ya wazee ambao wazee wenyewe hawakushika sehemu yoyote ya uamuzi, kuanzia namna swali linavyoulizwa mpaka mahali jibu linapopelekwa, huzaa namba zisizo za kweli. Na namba zisizo za kweli ndizo zinazompangia bibi yangu bajeti ya dawa na wauguzi.

Kosa lenyewe lina pande mbili. Upande mmoja ni ule wa Muheza, hojaji inaficha huzuni. Upande wa pili unazusha ugonjwa. Kipimo cha kumbukumbu kinachojulikana kuliko vyote duniani kilitungwa Marekani na Marshal Folstein na wenzake mwaka 1975, na kina alama 30. Humtaka mtu asome maandishi na kufanya yanachosema, aandike sentensi yake mwenyewe, anakili mchoro wa maumbo mawili yenye pembe tano yaliyopishana, atoe saba katika mia, kisha saba tena, na tena. Mpe kipimo hicho mama wa miaka 80 ambaye hakupelekwa shule kwa sababu alikuwa msichana, anayejua kila mpaka wa shamba na kila deni la ukoo tangu enzi za baba yake. Atapoteza alama kadhaa kabla hajafungua kinywa. Kipimo kitakuwa kimepima shule ambayo hakusoma, na matokeo yatatangazwa kama hali ya ubongo wake.

Njia ya kutoka kwenye kosa hili ilianzia mbali sana na kwetu, na naona inastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Hugh Hendrie, Kathleen Hall na wenzao walikuwa wanachunguza dimenshia, yaani maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na akili uzeeni, miongoni mwa wazee wa jamii ya Cree katika jimbo la Manitoba, Kanada. Vipimo vya kawaida viliwashinda kwa sababu hizihizi za shule na lugha. Ikabidi watunge kipimo kingine ambacho mtu asiyejua kusoma anaweza kukijibu, na wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo lililobadilisha kila kitu: mzee anaulizwa upande wake, na ndugu anayeishi naye anaulizwa upande wake. Amebadilika? Anasahau alipoweka vitu? Anapotea njia anayoijua? Majibu ya pande mbili yanapimwa pamoja.

Kipimo hicho kikasafiri. Mwaka 1992 ulianza mradi wa pamoja kati ya Ibadan, Nigeria, na Indianapolis, Marekani, Benjamin Osuntokun na Adesola Ogunniyi wakiwa miongoni mwa viongozi wake upande wa Nigeria. Waliwafuata wazee wa Kiyoruba katika mtaa wa Idikan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, miaka kwa miaka, kwa kipimo kimoja kilichokubali kubadilishwa. Kuna swali linalomwuliza mzee daraja ni nini; hilo linaulizika popote. Lakini wa Indianapolis aliulizwa jina la kiongozi wa haki za raia aliyeuawa Memphis mwaka 1968, na swali kama hilo kwingineko hubadilishwa kufuata historia ya mahali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yaliwashangaza wengi. Kwa mwaka mmoja, wazee wa Ibadan waliopata dimenshia walikuwa asilimia 1.35, na wa Indianapolis asilimia 3.24. Tofauti ya namna hiyo ingetoka kwenye kipimo kinachodai kalamu na karatasi, hakuna ambaye angejua aanze kuiaminia wapi.

Hapo pana jambo moja ambalo watafiti waliofuata walilazimika kujifunza kutoka kwa familia. Daktari hutambua dimenshia kwa kuona mtu ameshindwa kazi alizokuwa anazimudu: kupika, kununua vitu, kutunza fedha zake. Lakini katika nyumba nyingi za Kiafrika mzee hatumwi dukani. Hapiki, anapikiwa. Akisahau njia ya kwenda sokoni hakuna atakayejua, kwa kuwa hakuna aliyemtarajia aende sokoni. Heshima yetu yenyewe inauficha ugonjwa. Huwezi kulijua hilo ukiwa ofisini. Lazima mtu akwambie kwamba kwetu mzee anajulikana amedhoofika pale anapokosea katika mambo anayotegemewa, pengine kupatanisha, kusimamia jambo la ukoo, au kukumbuka nani kamzaa nani.

Kwa upande wetu, kazi hiyo ilifanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Hai ilikuwa na msingi. Tangu 1992, pamoja na Morogoro Vijijini na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, ilikuwa sehemu ya mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, kaya kwa kaya. Wenyeji walizoea kuhesabiwa, na waliohesabu walizijua nyumba. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Newcastle, Uingereza, akiwamo Richard Walker, waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Walikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Kiwango hicho hakiko mbali na kile cha nchi tajiri, na kiliwasuta waliokuwa wanasema huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Baadaye, watafiti haohao, Stella-Maria Paddick akiwa mmoja wao, wakishirikiana na wenzao wa Nigeria, wakatengeneza kipimo kifupi cha vipengele sita. Kimoja kinamtaka mzee ataje wanyama wengi awezavyo. Kingine kimechukua nafasi ya kuchora: mzee anaonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, naye apange kama lile. Hakuna asiyewahi kushika njiti ya kiberiti. Mama ambaye mbele ya penseli angetetemeka kwa aibu, mbele ya njiti anainama na kufanya kazi. Wakatunga pia kipimo cha shughuli za kila siku kwa kufuata maisha ya wazee wa Hai. Ukinitaka nitoe mfano wa ubia unaoongeza usahihi, nitaanza na kiberiti kile kabla sijafika kwenye hotuba yoyote.

Sisemi Hai ni mfano kamili. Swali la kwanza lilikuwa la madaktari. Sina hakika kwamba wazee wa Hai, wangeulizwa mwanzoni kinachowasumbua akilini, wangetaja kusahau. Wazee ninaowajua mimi wangetaja mtoto aliyehamia mjini na kunyamaza, shamba linalogombewa, na mjukuu aliyeachwa bila ada. Wangesema wana mawazo.

Neno hilo tulitazame vizuri, kwa sababu tunalo na hatulitumii. Kiswahili cha hospitali kina "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito, neno zuri ambalo mzee wa kijijini hajalisikia. Kiswahili cha semina kina "changamoto ya afya ya akili", ambalo kwa masikio ya watu wengi bado linanuka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma ambayo jina lake tuligeuza kuwa tusi. Kiswahili cha nyumbani kinasema, "Bibi ana mawazo." Anayesikia anaelewa papo hapo: halali usingizi, hali chakula, anarudia jambo moja kichwani. Wala hakuna aibu ndani yake. Mwenye mawazo hajaitwa kichaa.

Zimbabwe wanalo neno kama hilo, kufungisisa. Sisi kufunga kwetu ni kufunga mlango. Kwa Kishona kufunga ni kuwaza, na ule mkia wa mwisho unakoleza tendo: kuwaza kupita kiasi. Watafiti wa huko hawakulifukuza neno hilo. Walitunga hojaji ya maswali 14 kutoka kwenye lugha ya wagonjwa wenyewe, na kuwaza kupita kiasi kumo ndani yake. Dixon Chibanda, daktari wa akili mjini Harare, alipoanza kazi yake Mbare mwaka 2006 hakuwa na wauguzi wa kutosha, hakuwa na chumba, akapewa akina bibi waliokuwa wanajitolea katika afya ya jamii. Alitaka kuliita benchi lao benchi la afya ya akili. Bibi hao walimwambia wazi kwamba kwa jina hilo hakuna atakayekuja kukaa. Likaitwa benchi la urafiki. Waliofundishwa wakakataa maneno ya vitabuni, wakaziita hatua za kazi yao kwa Kishona: kufungua akili, kumwinua mtu, kumtia nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa benchini, na asilimia 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Najua nitaambiwa kwamba benchi lile ni la kila rika, kwa hiyo si utafiti wa wazee. Ni kweli, wanaokaa upande wa kutibiwa ni wa kila rika. Lakini angalia nani yuko upande wa pili wa benchi. Karibu kila utafiti ninaousoma kuhusu afya ya akili uzeeni unamweka mzee kama mtu wa kupimwa. Harare ilimweka kama mwenye ujuzi, akaonyesha ujuzi wake kwa kufuta jina la mradi na kuandika jingine. Mradi huo umefika Malawi na Zanzibar, na ningependa kuona utafiti wa wazee wetu unaoanza kwa kuwauliza akina bibi wa Makunduchi au Micheweni wanampokeaje mwenzao mwenye mawazo, kabla ya kuwaletea hojaji.

Kuna suala la kuaminiana pia, na hapo ng'ambo wametutangulia kwa sababu waliumia. Kuanzia 1932 hadi 1972, serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama, karibu 400 kati yao wakiwa na kaswende, ikawaacha bila tiba hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana, ili ione ugonjwa unavyokwenda. Baada ya hapo, mtafiti aliyebisha hodi kwa mzee mweusi alikuta mlango umefungwa, na hakuwa na haki ya kulalamika. Huko Detroit, vyuo vikuu vya Wayne State na Michigan vilianza mwaka 1997 kituo cha afya ya wazee weusi ambacho kinatunza orodha ya wazee waliokubali wenyewe kupigiwa simu kwa ajili ya tafiti, na kina bodi ya ushauri ya wanajamii. Wazee wanapata mafunzo ya afya mwaka mzima, pawe na utafiti au pasiwe nao. Uhusiano unakuja kwanza, hojaji inafuata.

Linganisha na kwetu. Orodha ya wazee wa kijiji iko kwa mtendaji. Mtafiti anakuja na barua kutoka juu: kibali cha maadili, barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata. Karatasi zote hizo ni za lazima, na nafurahi zipo, kwa sababu zinamlinda mzee dhidi ya mengi. Lakini hakuna hata moja iliyosainiwa na wazee. Ikifika kijijini, mwenyekiti hana ujasiri wa kukataa barua ya mkuu wa wilaya, na mzee hana ujasiri wa kumkataa mgeni aliyeletwa na mwenyekiti. Ridhaa ya namna hiyo naiita utii. Na sabuni ile! Siipingi sabuni. Mzee amepoteza asubuhi yake, anastahili kitu. Ila sabuni ikiwa ndiyo pekee inayobaki kijijini baada ya utafiti, huo ulikuwa ununuzi.

Jambo zito kuliko yote ni kinachotokea baada ya kupata majibu. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, mzee anayesahau, anayeongea peke yake, anayetoka usiku na kukutwa amesimama nje ya nyumba ya mtu, hasemwi kwamba anaumwa. Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu tu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe miaka hamsini jikoni. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa na wengine kukimbia makwao, hata pakawa na makazi ya kuwaokoa huko Kaya Godoma. Sasa fikiria orodha ya watafiti inayosema mzee fulani wa nyumba fulani ana dalili. Orodha hiyo ikivuja mikononi mwa watu wasioelewa, inaweza kumpeleka kaburini. Ikishikwa na jamii iliyoelimishwa tangu mwanzo, orodha hiyohiyo inaweza kuwa kinga yake: huyu si mchawi, huyu anaumwa, ugonjwa una jina.

Ndiyo maana naiheshimu kazi ya Makueni, Kenya. Taasisi ya utafiti wa afya ya akili iliyoanzishwa na David Ndetei, ambako Christine Musyimi naye amefanya kazi hiyo, iliwaketisha pamoja waganga wa jadi, viongozi wa dini waombeaji na wahudumu wa afya, wakazungumza kuhusu kupokezana wagonjwa badala ya kugombania. Baadaye kaunti hiyohiyo ikawa mahali pa kuchunguza dimenshia, kukiwa na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Mganga ambaye amekaa kwenye kikao na muuguzi ana nafasi ya kusema "mpeleke hospitali" siku familia inapomjia kuuliza nani kamroga baba. Ukimwacha nje, ndiye atakayetoa jina la mchawi.

Na wilayani Magu, wanaharakati wa haki za wazee walifika kwenye jibu ambalo mtaalamu wa akili asingeliwaza: majiko yasiyotoa moshi mwingi. Macho yakipona, tuhuma inapungua, na bibi analala. Hiyo nayo ni afya ya akili. Kadhalika Nshamba, wilayani Muleba, ambako tangu 2003 mradi wa Kwa Wazee umekuwa ukiwapa pensheni ndogo bibi na babu wanaolea wajukuu walioachwa na UKIMWI. Ulipofanyiwa tathmini, wazee walizungumza kuhusu chumvi, sabuni na viatu vya shule, na humohumo ndimo lilimokuwa jibu kuhusu wasiwasi na upweke wao. Mtafiti mwenye hojaji ya sonona peke yake asingeuliza kuhusu chumvi.

Hai nako, kwa haki, hawakuishia kuhesabu. Walichukua tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili iliyotungwa Uingereza, vikao 14 kwa wiki saba, wakaibadilisha iwafae watu wasiosoma na wenye macho hafifu, wakaijaribu kwa wazee wachache vijijini. Kumbukumbu na wasiwasi vikapata nafuu. Ni jaribio dogo. Linanifurahisha kwa sababu halihitaji mashine wala dawa ghali. Linahitaji kivuli, mkeka, mtu aliyefundishwa, na wazee wanaokutana. Ninachokiona kigumu ni kwamba baada ya mradi kuisha, mtu aliyefundishwa lazima alipwe na mtu, na hapo ndipo serikali zetu zinapotazama pembeni. Tanzania ilipitisha sera ya taifa ya wazee mwaka 2003. Inazungumzia matibabu bila malipo. Dirisha la wazee lipo katika hospitali nyingi, na foleni yake naijua, lakini mzee akifika dirishani akasema ana mawazo, atapimwa presha.

Kwa hiyo ningetaka nini? Kuna mabaraza ya wazee vijijini. Hayana fedha, mengi hayakutani, ila yapo. Ningetaka utafiti wowote wa afya ya akili ya wazee upite hapo kwa kazi, si kwa salamu. Baraza lisomewe maswali yote kabla hayajapigwa chapa, lifute yasiyo na maana na kuongeza yake. Lishiriki kuchagua wahojaji. Sioni kwa nini mzee wa miaka 65 aliyestaafu ualimu asimhoji mzee mwenzake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kusubiri. Na matokeo yarudi hapo, kwa mdomo, kwenye mkutano, kabla hayajakwenda kwenye majarida ya Kiingereza. Agincourt, Afrika Kusini, watafiti wanaowafuatilia wazee kwa miaka mingi hurudi vijijini kueleza walichokiona. Inawezekana.

Watafiti wana hoja za kupinga, na baadhi ni nzito. Fedha hutolewa kwa miaka mitatu, na kujenga imani kunakula mwaka wa kwanza wote. Swali likibadilishwa kila kijiji, utalinganishaje Hai na Ibadan? Historia ya kipimo kile kilichoanzia kwa Wacree inajibu hoja hii ya pili vizuri kuliko mimi: kiini kimoja, mifano ya mahali. Hoja ninayoiogopa ni nyingine, na hiyo haitoki kwa watafiti. Baraza la wazee kwetu mara nyingi ni la wanaume, tena wenye nguvu ya kutembea mpaka ofisi ya kijiji. Mjane aliyefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu anatoka usiku hayumo barazani. Aliyelala kitandani mwaka wa tatu hayumo. Ukiliachia baraza lizungumze kwa niaba ya wote, umewanyima sauti walewale uliowafuata. Dawa yake sijaipata yote. Sehemu yake ni kuwafuata wanawake wanakokutana wenyewe, kwenye vikoba, kwenye vikundi vya maulidi na jumuiya ndogo ndogo za kanisa, kisimani, msibani jikoni. Sehemu nyingine ni yule jirani ambaye kila nyumba inaye.

Jioni ya siku ile Muheza alikuja Bi Mwanaidi, shoga yake bibi tangu ujana wao, ameshika ungo wa mchele wa kuchambua. Hakubisha hodi. Alivua ndala, akakaa mkekani palepale alipokuwa amekaa yule binti, akaanza kuchambua. "Za tangu jana?" Bibi akasema nzuri. Bi Mwanaidi hakusema kitu, akaendelea kutoa chuya, moja, nyingine, mpaka nikadhani wamemaliza maongezi.

"Nzuri," bibi akasema tena. "Ila usiku umekuwa mrefu, Mwanaidi."

Bi Mwanaidi akausogeza ungo katikati yao, wakawa wanachambua wote wawili. Mimi nikainuka nikaenda kuteka maji, maana niliona hapo hapanihusu. Niliporudi giza lilikuwa limeshaingia na bado walikuwa wanaongea.